Ndani ya Sekunde Moja

Kwa mara ya nne tangu Jumatano, Inspekta Miza aliuliza swali lile lile, na kwa mara ya nne Ilias akatoa jibu lile lile.

"Robine uliifunga wakati gani?"

"Nyuma ya bomba kupasuka, dada. Si mbele. Nyuma."

"Nani alikuona?"

"Salvator peke yake. Na Salvator kichwa yake iligongwa. Hajui mbele, hajui nyuma. Anajua tu aliona mikono yangu iko kwa robine."

Walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya kasho, chumba cha mahabusu, saa mbili ya asubuhi ya Ijumaa. Ilias bado alikuwa na shati alilokamatwa nalo, matope ya Jumanne yamekaukia mikononi mwake. Saa tisa alasiri naibu mwendesha mashtaka, Bwana Akilimali, angetia sahihi, na fundi huyu wa miaka thelathini na moja angepelekwa gereza kuu kwa hujuma na kutaka kuua. Akishaingia kule, kumtoa ni kazi ya miezi, pengine miaka. Wote wawili walilijua hilo.

Mambo yenyewe yalikuwa mafupi. Jumanne saa kumi alasiri umeme ulikatika mtaa wa Kanyosha, jambo ambalo siku hizi halimshtui hata paka. Pampu ya kituo cha maji, ile inayosukuma maji hadi kwenye tangi la kilimani, ikasimama. Bomba kubwa la mle ndani likapasuka kwenye kona yake, maji yakajaa chumba, na mlinzi Salvator akatupwa ukutani, akavunjika mguu na kupasuka kichwa. Watu walipofika walikuta robine imefungwa, ile robine ya mkono mrefu wa chuma ambayo ukiivuta mara moja tu inaziba njia yote ya maji, na maji yakizibwa ghafla hupasua bomba. Alama za vidole zilizokuwa juu yake ni za Ilias. Kama hayo hayatoshi, wafanyakazi watatu walikula kiapo kwamba mwezi uliopita walimsikia akisema, "Hii bomba siku moja itapasuka, mutaona."

"Ulisema hivyo?" Miza aliuliza.

"Nilisema. Tena niliandika na barua kwa mukubwa wa kituo. Ile pompe mupya walileta mwezi wa nne inasimama vibaya. Ya zamani ilikuwa na gurudumu kubwa ya chuma nyuma. Umeme ikikatika, gurudumu inaendelea kuzunguka, pompe inasimama polepole. Hii mupya haina gurudumu. Inakufa tu, tap! Maji ya kilimani inarudi na nguvu."

"Mukubwa wa kituo anasema hakuna barua."

Ilias akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Basi mi niseme nini tena?"

"Usiseme kitu. Kula hiyo chapati nilikuletea."

Miza aliondoka pale na hasira, na tusimlaumu. Wataalamu wawili walikuwa wameandika ripoti mbili, kila moja ndani ya bahasha yake na muhuri wake, na zote mbili zilimzamisha Ilias. Mhandisi wa maji alisema: mabomba yetu yako sawa, umeme ukikatika hayapasuki. Mhandisi wa umeme alisema: moteri yetu iko sawa, ilisimama salama. Akilimali alizisoma zote, akajumlisha mwenyewe. Maji hayana kosa, umeme hauna kosa, basi lililobaki ni mkono wa mtu. Nani angembishia?

Ila Miza alikuwa na tabia ya kusoma ripoti mpaka kwenye majedwali ya mwisho, yale ambayo wakubwa huyaruka. Ukurasa wa kumi na nne wa ripoti ya maji uliandikwa hivi: *Muda wa pampu kusimama: sekunde nane.* Sekunde nane ni polepole. Na Ilias amesema pampu mpya inakufa tap. Miza akatoa simu, akawaita wale wataalamu wote wawili, kila mmoja na ordinateri yake, yaani kompyuta, wakutane mtaa wa Nyakabiga kwenye sekreteria ya binamu yake, mahali pa kupiga fotokopi penye sahani za jua juu ya paa. Kazi ya siku hiyo haikutaka kutegemea umeme wa mji.

Walifika saa nne, wakakaa ncha mbili za meza. Faris, mhandisi wa maji, alikuwa kijana wa familia ya Waarabu wauza vyuma, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Ingrid, mhandisi wa umeme, alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya haraka. Walikuwa wakifanya kazi ya kituo kimoja kwa miaka miwili, na siku hiyo ndipo walipopeana mkono kwa mara ya kwanza.

"Kwanza, afande," Faris akaanza, "model yangu, ile hesabu ya ordinateri, siwezi kumufungulia mutu. Ni ya kampuni. Nimesaini."

"Na mimi vilevile," Ingrid akasema. "Donc tumekuja kufanya nini?"

"Nani amewaambia mufungue? Faris, hii sekunde nane uliitoa wapi?"

"Kwa dosye ya kituo, faili yao. Kuna karatasi ya pompe."

"Pompe gani?"

Faris akapekua karatasi zake. Miza akamsogezea picha ya pampu mpya iliyopigwa Jumatano, tarehe ya kuwekwa kituoni imeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe.

"Pompe ilibadilishwa, karatasi yako ni ya ile ya zamani," Miza alisema. "Kwa nini hukumuuliza Ingrid?"

"Lazima niandike kwa kampuni yangu, kampuni yangu iandikie yao. Wiki tatu, afande. Ripoti ilitakiwa kwa siku mbili."

"Na we, Ingrid, uzito wa maji uliutoa wapi?"

"Niliweka namba moja haibadiliki," Ingrid akajibu, na sauti yake ikapungua mbio. "Kazi yangu ni moteri. Maji ni yao."

Lo! Yaani kila mmoja alipofika mpakani kwa mwenzake alijaza namba ya kubahatisha, akapiga muhuri, akaenda zake kula. Na mtu yuko ndani kwa ajili ya hizo namba. Miza aliwatazama hadi Faris akaanza kunyoosha kola ya shati ambayo tayari ilikuwa imenyooka.

"Kuna njia," Ingrid akasema hatimaye. "Model yake inabaki kwa ordinateri yake, yangu inabaki kwa yangu. Hatufunguliani. Katikati tunaweka programu ndogo, kama kapita wa shantiye, yule musimamizi wa wajenzi. Kapita anasema, wote mbele hatua moja. Halafu anachukua kwangu mbio ya pompe anamupa Faris, na kwa Faris anachukua uzito ya maji ananipa mimi. Halafu tena hatua moja. Tunaita kosimulasyo."

"Mulijua hiyo njia, mukaandika mbalimbali?"

Wote wawili wakaanza kufungua ordinateri zao.

"Haya. Fungeni waya."

Iliwachukua saa nzima kuunganisha. Kapita alipoanza kazi, mistari miwili ikatembea kwenye vioo viwili, mmoja wa mbio za pampu, mwingine wa shinikizo la maji pale konani. Umeme ukakatwa ndani ya mashine kama ulivyokatika Jumanne. Pampu ikasimama, shinikizo likapanda, likashuka, likatulia.

"Baa kumi na moja," Faris akasoma kipimo cha shinikizo. Alionekana kuona aibu. "Hiyo bomba inabeba kumi na sita. Haipasuki, afande. Sasa tumepima pamoja, na bado haipasuki."

Miza alikuwa ametafuta kamba ya kumtoa Ilias, na kumbe ameongeza fundo. Ripoti mbili zilikuwa zinabishaniwa. Ripoti moja ya watu wawili, nani ataipinga? Akasimama, akazunguka meza, akarudi.

Sasa, Miza hakusoma uhandisi. Alichokisoma kwa miaka kumi na tisa ni mashahidi. Anajua kwamba watu wawili wanaweza kusema kweli tupu, na ukweli wenyewe ukapotea pale ambapo hakuna aliyeulizwa. Akagonga meza kwa kidole mbele ya Ingrid.

"Huyu kapita wenu. Anapita kila baada ya muda gani?"

"Sekunde moja."

"Kwa nini moja?"

"Daftari ya kituo inaandika kila sekunde," Faris akaingilia. "Tulifuata hiyo."

"Na katikati ya sekunde, kabla kapita hajarudi, kila mutu anafanya nini?"

"Anashika namba ya mwisho aliyopewa."

"Anaishika vilevile? Hata kama kwa mwenzake mambo yamebadilika?"

"Vilevile."

"Ingrid, hii pompe mupya ikikatikiwa umeme, inakufa kwa muda gani?"

Ingrid akatazama mstari wake. Mkono uliokuwa ukichezea kalamu ukasimama. "Sekunde... apana. Nusu. Chini ya nusu. Sifuri nukta nne."

Pampu inakufa kabla nusu ya sekunde haijaisha, lakini maji ya Faris hayajaambiwa. Kwa Faris pampu bado inazunguka vizuri, kwa sababu kapita hajapita. Anapopita, msiba umeshazeeka. Maji ya Faris yanapokea habari kwa upole, hatua kwa hatua, na bomba linanusurika kwenye kioo wakati Kanyosha limepasuka.

"Mana yanje, Mungu wangu," Ingrid akanong'ona. "Tulikuwa tunaruka mahali penyewe."

"Mupunguze hatua," Miza akasema.

Faris akaandika sehemu moja ya mia ya sekunde. Baa kumi na tisa. Akaandika sehemu moja ya elfu. Baa ishirini na tatu. Alipiga meza kwa kiganja na kusema wallahi mara tatu, akasahau kabisa kwamba mwanzoni alikataa hata kuonyesha kioo chake.

Miza hakupiga meza. "Pole pole. Kumi na moja, kumi na tisa, ishirini na tatu. Mukipunguza tena itakuwa mia mbili? Kama hii mashine inatoa namba kila mutu anayoitaka, Akilimali atanifukuza ofisini, na atakuwa na haki."

"Hilo ni swali ya kweli," Ingrid alikubali. "Tunapunguza tena nusu. Kama jibu inabaki palepale, basi ni ya maji, si ya hatua zetu. Lakini itachukua karibu saa moja."

Ilikuwa saa sita na robo. Faris akatazama saa yake, kisha mlango, kisha Miza.

"Nenda Jumaa," Miza akamwambia. "Mashine haihitaji uitazame inavyohesabu. Na umuombee Ilias dua."

Faris aliporudi saa saba na robo, kofia ya sala bado kichwani, namba ilikuwa inawangoja. Ishirini na tatu nukta moja. Haikupanda tena. Safari hii Miza alijiruhusu kutabasamu, kisha akalifuta tabasamu na kuuliza lile alilokuwa akiliogopa.

"Na mutu akivuta robine kwa mkono, bomba inapasuka?"

Wakajaribu. Lilipasuka pia.

"Basi bado hatujamutoa. Tumesema tu inawezekana. Nataka tofauti. Si ya ordinateri, ya sikio au ya jicho. Mutu akisimama nje ya kituo, atasikia nini?"

Faris akakuna kichwa, akachora bomba refu kwenye karatasi, kituo chini, tangi juu, mita mia sita kati yao. "Kama robine ilifungwa kwanza, njia ya kwenda tangi imezibwa. Unasikia mushindo moja tu, imeisha. Kama robine iko wazi, maji yanataka kurudi, ile klape ya ndani, ya kuzuia maji yasirudi, inajifunga yenyewe, buum. Halafu mushindo unapanda mpaka tangi, unarudi, unapanda tena, unarudi. Ndiyo ya pili. Ya kwanza inatoa ufa, ya pili inamaliza."

"Kati yao muda gani?"

"Sekunde mbili na nukta nne."

Miza akachukua karatasi tupu, akaandika hayo kwa mkono wake, Faris na Ingrid wakasaini, naye akaandika saa: saba na dakika arobaini. Akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi, akampa binamu yake aipige muhuri wa duka juu ya mfuniko. Utaratibu kwanza. Jibu lililoandikwa kabla ya swali halina wa kulisingizia.

Gari la polisi lilikuwa halina tone la mafuta, kwa hiyo alipanda bajaji hadi Kanyosha, akimhimiza dereva kila kona. Mkabala na kituo kulikuwa na kibanda cha mama mmoja aitwaye Jovithe, muuza ndagala, wale dagaa, ambaye jina lake lilikuwa kwenye dosye kwa mstari mmoja tu: *hakumwona mtuhumiwa.*

"Mama Jovithe, amahoro. Jumanne umeme ilipokatika, ulikuwa hapa?"

"Amahoro, mama. Nilikuwa hapa. Polisi waliniuliza kama niliona Ilias, nikasema sikumuona. Wakaenda."

"Mi sitaki kujua uliona nini. Ulisikia nini?"

Jovithe akapangusa mikono kwenye kitenge. "Redio ilinyamaza, nikajua ni umeme. Halafu nikasikia buum. Nikasema, Mana yanje, ni nini? Sijamaliza kusema, buum ingine. Hiyo ya pili, mama, iliniangusha na beseni. Ndagala yote chini!"

Miza akatoa simu, akaweka saa ya kuhesabu. "Unipigie makofi kama ulivyosikia. Useme na yale maneno uliyosema katikati."

Jovithe alimtazama kama anamtazama mtu aliyepigwa na jua, kisha akapiga. Paa! Mana yanje, ni nini? Paa! Miza akamwambia arudie mpaka zikawa mara tatu. Mbili nukta tatu. Mbili nukta sita. Mbili nukta nne. Akaziandika zote, hata ile isiyopendeza, na Jovithe akaweka sahihi yake na kuuliza kama kuna mtu atamlipa ndagala zake.

Akilimali alikuwa ameshafungua kalamu Miza alipoingia saa tisa kasoro dakika tano, jasho likimtoka. Alikuwa mtu wa miwani mizito asiyependa kelele, wala si mtu mbaya, ila alipenda hesabu zinazofunga.

"Inspekta, wataalamu wamesema."

"Wamesema tena, muheshimiwa. Safari hii wamesema pamoja."

Alisoma karatasi za Faris na Ingrid bila kuinua kichwa. Kisha akazisukuma. "Asubuhi mashine hizihizi zilisema bomba haipasuki. Mchana zinasema inapasuka. Kesho?"

"Asubuhi ziliulizana mara moja kwa sekunde, na pompe ilikufa ndani ya hiyo sekunde. Hata mi nilikuwa na wasiwasi kama wako. Ndiyo maana nilifunga hii kabla ya kwenda Kanyosha." Akaweka bahasha mezani. "Fungua mwenyewe."

Akilimali akaukagua muhuri, akaichana, akasoma. Kisha akasoma maelezo ya Jovithe. Akarudi kwenye karatasi ya bahasha, akaangalia saa iliyoandikwa, akaangalia saa ya maelezo. Alivua miwani.

"Huyu mama, nani alimwambia kuhusu mishindo miwili?"

"Hakuna. Kabla ya leo hakuna hata aliyemuuliza alisikia nini."

Akilimali akavuta karatasi nyingine kabisa, ya kuachia huru, akaandika jina la Ilias kwa herufi za kusomeka. Chini yake akaongeza agizo: pampu ya Kanyosha isiwashwe mpaka gurudumu lirudishwe, na mkuu wa kituo afike Jumatatu saa mbili kueleza habari ya barua.

"Alhamdulillahi," Miza akasema kwa sauti, mbele ya ofisa wa serikali, wala hakujali.

Ilias alitoka saa kumi. Pale getini Miza alimwonyesha bajaji, akamwambia mama yake ameshapigiwa simu, chakula kiko mezani. Ilias akapanda, akakaa, akamshika dereva begani.

"Kwanza hospitali," akasema. "Dada, twende wote. Peke yangu siwezi."

Salvator alikuwa kitanda cha dirishani, mguu umefungwa plasta hadi kwenye paja, bendeji imezunguka kichwa. Alipomwona aliyeingia nyuma ya Miza, vidole vyake vilikamata shuka. Miza akamweleza polepole, bila baa wala sekunde, kwamba bomba lilijipasukia lenyewe na kwamba sheria imemwachia Ilias. Salvator alisikiliza, macho hayajamtoka Ilias hata kidogo.

"Mi nilikuona," akasema. "Ulikuwa unafunga ile robine. Nilikuona na macho yangu."

"Ndiyo," Ilias akajibu. "Nilifunga."

"Ju ya nini?"

"Ju maji ilikuwa inajaa, na we ulikuwa chini yake."

Salvator akageuzia uso dirishani. Kisha, kwa taabu, akausogeza ule mguu wa plasta ukutani ili Ilias apate mahali pa kukaa.